Georg Ohm: Mtoto wa fundi makufuli aliyetuachia hesabu ya waya

WAFANYABIASHARA wa mchele wa Ifakara wanaujua ugonjwa huu. Gari limerudi kutoka Mlimba au Malinyi, redio mpya imefungwa wiki moja tu iliyopita, na sasa kila ikipandishwa sauti inazima na kuwaka upya. Fundi wa kwanza anabadilisha fyuzi. Fundi wa pili anasema redio ni feki, irudishwe dukani. Mwenye duka anaijaribu juu ya meza kwa betri yake, inapiga vizuri kabisa, anakataa kuipokea. Mwenye gari ananunua nyingine, na hiyo nayo ikifungwa inazima. Hapo fedha ya gunia la mchele imekwenda, na ugonjwa bado uko palepale kwenye gari.

Mtu aliyetuonyesha mahali pa kuutafuta ugonjwa huo hakuwahi kuona gari wala redio. Alifariki mwaka 1854, miaka 32 kabla ya Karl Benz kupewa hataza ya gari lake la petroli. Jina lake ni Georg Simon Ohm, na kila fundi mwenye mita anamshika mkononi kila siku. Ile alama Ω iliyo kama kiatu cha farasi, ambayo mafundi wetu wanaisoma omu, imepewa jina lake. Leo tunamweleza mtu huyu kwa sababu alihangaika sana na maisha, na kwa sababu alichokipata kinamhusu mwenye Fuso, mwenye Noah na hata mwenye bajaji.

Karakana ya nyumbani

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, ulioko kusini mwa Ujerumani ya leo. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi makufuli. Mama yake, Maria Elizabeth, alikuwa binti wa fundi cherehani. Walizaa watoto saba, lakini waliokua hadi utu uzima ni watatu tu: Georg, mdogo wake Martin na dada yao Elizabeth Barbara. Mama alifariki Georg akiwa na umri wa miaka kumi.

Yule baba hakuwa amesoma shule ya maana, ila alijifundisha mwenyewe usiku, baada ya kazi, mpaka akaweza kuwafundisha watoto wake hesabu na fizikia kuliko walivyofundishwa shuleni. Georg alipofika miaka 15, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Erlangen, Karl Christian von Langsdorf, alimpima akashangaa uwezo wa vijana wa fundi makufuli. Martin naye baadaye akawa profesa wa hesabu mwenye sifa.

Kitu ambacho waandishi wengi wa maisha ya wanasayansi hukipita haraka ni tupa. Kijana aliyekulia karakana ya makufuli anajua kukata chuma, kupiga tupa, kuvuta waya na kutengeneza kitu kidogo kikakaa sawasawa. Bila mikono hiyo Ohm asingefika popote, maana vyombo vyake vya kupimia umeme alivitengeneza mwenyewe. Havikuwepo vya kununua.

Lakini msomaji asidhani alikuwa mtoto mtulivu. Aliingia chuo kikuu mwaka 1805, na muda wake akaumalizia kwenye kucheza dansi, kuteleza juu ya barafu na mchezo wa biliadi. Baba, ambaye alijinyima ili kijana asome, alikasirika sana. Baada ya mihula mitatu akamtoa chuoni na kumpeleka Uswisi, ambako kuanzia Septemba 1806 Georg alifundisha hesabu katika shule moja ya Gottstadt karibu na Nidau. Akiwa huko ndipo akili ilipomrudia. Alisoma peke yake vitabu vya mabingwa wa hesabu, akarudi Erlangen mwaka 1811, na tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo akapata udaktari wake.

Udaktari haukumpa chakula. Alifundisha chuoni mihula mitatu akaona malipo hayamtoshi hata pango. Mwaka 1813 akakubali kazi katika shule duni ya Bamberg, shule ikafungwa mwaka 1816, akahamishiwa nyingine iliyojaa wanafunzi. Katika dhiki hiyo akaandika kitabu cha jiometri na kumpelekea mfalme wa Prussia. Kitabu kikafanya kazi yake: mwaka 1817 aliajiriwa kufundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari ya Wajesuti mjini Cologne, shule iliyokuwa na maabara nzuri. Alikuwa na miaka 28.

Alianza kwa kukosea

Wakati huo umeme wa betri ulikuwa kitu kipya. Alessandro Volta wa Italia alikuwa ameonyesha betri yake mwaka 1800, na mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark akaonyesha kuwa waya wenye umeme unasogeza sindano ya dira. Watu walijua umeme unapita kwenye waya. Hakuna aliyekuwa na hesabu ya kusema unapita kiasi gani, na waya ukiwa mrefu au mwembamba unapungua kiasi gani. Mwingereza Henry Cavendish alikuwa ameukaribia ukweli huo miaka mingi nyuma, lakini alifungia maandishi yake kabatini akafa nayo.

Ohm alianza kupima, na mwaka 1825 akachapisha kanuni yake ya kwanza. Ilikuwa si sahihi.

Sababu ya kukosea kwake ndiyo inayotuhusu. Alitumia betri ya majimaji ya wakati ule. Betri hiyo ukiiunga waya, nguvu yake inaanguka palepale, kisha inapanda na kushuka. Kwa hiyo alidhani anapima waya kumbe pia anapima uchovu wa betri. Fundi yeyote wa Ifakara amekutana na jambo hilo: betri ya gari iliyochoka inasoma volti 12.4 gari likiwa limezimwa, inaonekana nzima, lakini ukiwasha taa kubwa na redio inaanguka hadi 10 na chini. Ukiipima bila mzigo, inakudanganya.

Mhariri wa jarida la fizikia, Johann Christian Poggendorff, ndiye aliyempa shauri la kuachana na betri hiyo na kutumia ugunduzi wa Thomas Seebeck wa mwaka 1821: metali mbili tofauti zikiunganishwa, ncha moja ikawa ya moto na nyingine ya baridi, umeme unapita. Ni umeme mdogo sana, ila hautikisiki. Ohm akatengeneza kipande cha bismathi na shaba, ncha moja akaiweka kwenye maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu. Maji yakichemka joto lake halipandi, na barafu ikiyeyuka joto lake halishuki, kwa hiyo msukumo wa umeme ukabaki uleule saa baada ya saa. Juu ya waya akaning'iniza sindano ya sumaku kwa utepe mwembamba wa metali. Umeme ukipita sindano inasukumwa, naye anausokota utepe kuirudisha mahali pake, na kiasi alichosokota ndicho kipimo cha umeme.

Januari 1826 alipima nyaya nane za shaba za unene mmoja, zenye urefu wa inchi 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130. Kila alipoongeza urefu, umeme ulipungua. Safari hii namba zilikaa kwenye mstari. Kanuni yake ilisema umeme unaopita ni sawa na msukumo ukigawanywa kwa jumla ya mambo mawili: urefu wa waya anaoupima, na namba nyingine isiyobadilika inayosimama badala ya sehemu zote zilizobaki za njia ya umeme. Namba hiyo ya pili ilikuwa sawa na inchi 20 na robo za waya uleule.

Tusimame hapo kidogo, maana jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ohm anaunga waya wa inchi 2, na chombo kinamwambia kuwa umeme unazuiwa kana kwamba umepita inchi 22 na robo. Inchi 20 zote hazionekani kwa macho. Ziko kwenye maungio, kwenye metali za chombo, kwenye njia ya kurudia. Ukimpa fundi mzembe waya mfupi, mzuri, mpya, bado kizuizi kikubwa kinaweza kuwa mahali ambako hakuangalia.

Inchi zisizoonekana za Kilombero

Kwenye redio ya gari inchi hizo mara nyingi ziko kwenye bodi. Umeme unatoka chanya ya betri, unapita waya hadi redio, na ili kazi ifanyike ni lazima urudi hasi ya betri. Kwenye gari unarudi kwa njia ya bati la bodi. Fundi anachukua waya mweusi wa redio, anaufunga kwenye skrubu yoyote iliyo karibu nyuma ya dashibodi, na skrubu hiyo imekaa juu ya rangi au kutu. Siku ya kwanza redio inapiga. Kisha gari linakula vumbi la barabara za bondeni miezi ya kiangazi, na masika linapita kwenye maji na tope. Kutu inaingia. Kizuizi kinaongezeka kidogo kidogo.

Tufanye hesabu ya Ohm kwa namba. Kanuni ni fupi: volti zinazopotea ni ampea zinazopita mara omu za mahali zinapopita. Redio ya kawaida ikipandishwa sauti inaweza kuvuta ampea 10. Fundi amevuta umeme kutoka betri kwa waya mwembamba wa spika, wenye unene wa milimita za mraba 0.5, urefu wa mita 4. Waya huo wa shaba una karibu omu 0.14. Mara ampea 10, volti 1.4 zimepotelea njiani. Kiungo cha bodi chenye kutu kina omu 0.1 tu, kiasi ambacho mita ya bei nafuu haikisomi vizuri. Volti nyingine 1 imekwenda. Betri yenye 12.4 inaifikishia redio volti 10. Redio nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kuanzia volti 10.5 au 11. Inazima. Ikizima haivuti umeme tena, volti zinapanda, inawaka. Ndiyo ile zima-washa ya mwanzo wa makala hii, na redio ni nzima kabisa.

Badilisha waya uwe wa 2.5, urefu uleule. Sasa unapoteza chini ya volti 0.3. Kwangua rangi ya bodi kwa msasa mpaka bati lionekane, funga kwa boliti yenye nati, paka grisi juu yake. Kazi imekwisha, na gharama yake hailingani na ya kununua redio ya pili.

Kuna hatari inayozidi redio kuzima. Volti 1 inayopotelea kwenye kiungo kibovu huku ampea 10 zikipita inageuka kuwa joto la wati 10 mahali pamoja padogo kama punje ya mahindi. Plastiki ya waya inalainika, tepu nyeusi inayeyuka, na nyuma ya dashibodi kuna sponji na vumbi kavu. Magari yameungua hivyo. Ndiyo maana waya wa chanya unaotoka betri ni lazima uwe na fyuzi karibu na betri yenyewe, shubiri moja au mbili tu kutoka kichwa cha betri, tofauti na ile fyuzi ndogo iliyo nyuma ya redio. Fyuzi ya betri inaulinda waya, si redio. Anayeikunja karatasi ya bati ya sigara na kuichomeka mahali pa fyuzi, anaondoa kitu pekee kinachoweza kukata umeme waya ukipiga shoti.

Jinsi ya kuutafuta ugonjwa

Magari mengi tunayotumia yametoka Japani yakiwa yametumika, na redio zake za asili nyingi zinaishia masafa ya 90, kwa kuwa Japani kwa miaka mingi ilitumia FM kati ya 76 na 90. Vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Mwenye gari anataka kusikia taarifa ya habari na bei za mazao, hivyo anabadilisha redio, na hapo fundi anaikata soketi ya asili kwa koleo na kusokota nyaya kwa vidole. Shida nyingi zinaanzia kwenye koleo hilo.

Redio za kununua dukani zina desturi ya rangi. Njano ni umeme wa wakati wote, unaotunza saa na vituo. Nyekundu ni umeme unaokuja ukiwasha ufunguo. Nyeusi ni hasi. Bluu ni ya antena au ya kuwasha amplifaya. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni spika nne, kila moja na mwenzake wenye mstari mweusi. Rangi hizo ni za redio, si za gari. Katika Toyota nyingi hasi ni ya kahawia, na kijivu, ambayo kwenye redio ni spika, kwenye gari ni umeme wa ufunguo. Anayeunga kijivu kwa kijivu kwa kufuata macho anaipelekea spika volti 12. Pima kwanza, rangi baadaye.

Redio ikisahau vituo kila ukizima gari, njano na nyekundu zimebadilishana, au njano haina umeme. Zote mbili zikiwa zimeungwa kwenye umeme wa wakati wote, redio inalala ikiwa macho. Amplifaya iliyoachwa hivyo ikivuta nusu ampea tu, kwa siku moja imekula ampea-saa 12, na betri ya gari dogo yenye 45 au 50 haitafika siku ya nne. Mwenye gari anakwenda kununua betri mpya, na mpya nayo inakufa.

Redio ikizima inapopandishwa sauti, iwashe, ongeza sauti, na wakati inapiga weka ncha moja ya mita kwenye waya mweusi wa redio na nyingine kwenye hasi ya betri yenyewe. Mita iwe kwenye volti. Ukisoma 0.1 au 0.2, bodi ni nzuri. Ukisoma 1, umeupata ugonjwa. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi waya wa njano. Muhimu ni kupima mzigo ukiwepo. Waya wenye nyuzi 20 uliobakiwa na uzi mmoja mzima, ukiupima omu bila mzigo mita inaonyesha karibu sifuri, na fundi anaapa waya ni mzima. Mpe ampea 10 uone.

Bodi na chanya vikiwa vizuri na redio bado inazima, chomoa spika zote. Ikitulia, kuna waya wa spika unaogusa bati, mara nyingi pale unapopita kwenye bawaba ya mlango. Mafundi wa zamani walizoea kuunga hasi zote za spika kwenye bodi, na redio za enzi hizo zilivumilia. Redio za sasa zinasukuma umeme kwenye nyaya zote mbili za spika. Hasi ya spika ikigusa bodi, redio inajizima au inaungua moja kwa moja. Kuunga spika mbili za omu 4 sambamba kwenye mdomo mmoja nako kunaleta omu 2, umeme unakuwa mara mbili, redio inachemka.

Wenye Fuso na malori mengine ya volti 24 wana mtego wao. Redio ya volti 12 hufungwa kwenye betri moja kati ya mbili, na inapiga. Lakini betri hiyo inatumika kuliko mwenzake, huku alteneta inazichaji zote kana kwamba ziko sawa. Moja inabaki na njaa, nyingine inashibishwa kupita kiasi na kuchemka maji, na baada ya muda zote mbili zimekufa. Kipunguza umeme cha kutoka 24 kwenda 12 ni nafuu kuliko jozi ya betri za lori.

Aliyeijibu dunia, dunia ikamkalia kimya

Turudi Cologne. Ohm alijua ameshika kitu. Mwaka 1826 aliomba ruhusa ya mwaka mmoja akaenda Berlin kwa mdogo wake Martin, akilipwa nusu mshahara, ili aandike kitabu. Kikatoka mwaka 1827, na ndani yake kulikuwa na nadharia nzima ya umeme kwenye waya iliyowekwa kihesabu. Matumaini yake yalikuwa kupata nafasi ya chuo kikuu.

Hakuipata. Wasomi wenye sauti Berlin walikuwa wafuasi wa falsafa iliyodhani asili ya dunia inaeleweka kwa kufikiri, na hawakuona maana ya mwalimu wa sekondari kuning'iniza sindano na kuandika hesabu. Georg Friedrich Pohl alikiponda kitabu hadharani. Wengine hawakukisoma. Kwa maoni yetu kitabu chenyewe kilichangia: Ohm aliyapanga majaribio yake nyuma na hesabu ngumu mbele, kwa hiyo msomaji aliyependa majaribio alitishwa na hesabu, na mpenda hesabu hakujali waya. Kama angeanza na zile nyaya nane na sindano yake, pengine mambo yangekuwa mengine.

Mwaka 1828 alijiuzulu kazi ya Cologne kwa uchungu. Miaka mitano iliyofuata, mtu ambaye jina lake leo liko kwenye kila mita duniani aliishi Berlin kwa kufundisha vipindi vichache vya hesabu katika shule ya kijeshi. Hakuwa na mke wala mtoto, na hakuja kuoa. Mwaka 1833 akapata uprofesa katika shule ya ufundi ya Nuremberg, nafasi ya heshima kiasi, bado si chuo kikuu.

Miongoni mwa waliomwelewa mapema walikuwa wageni. Ufaransa, Claude Pouillet alirudia vipimo na kupata majibu yaleyale. Uingereza, Charles Wheatstone, aliyekuwa akihangaika na nyaya ndefu za simu za maandishi, aliona mara moja faida ya kujua waya wa maili nyingi utapunguza umeme kiasi gani. Mfanyabiashara wa simu hakuwa na haja ya falsafa. Alitaka kujua anunue shaba nene kiasi gani. Mwaka 1841 Royal Society ya London ikampa Ohm medali yake kubwa, ya Copley, na mwaka uliofuata ikamfanya mwanachama wa nje.

Ndipo kwao nako wakaamka. Mwaka 1849 aliitwa Munich kusimamia vyombo vya fizikia vya Akademia ya Bavaria, na mwaka 1852, akiwa na miaka 63, akapewa kiti cha profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich. Alikuwa amekitamani tangu ujana. Alikikalia miaka miwili tu.

Kuna kazi nyingine ya Ohm ambayo wenye maspika makubwa ya kwenye minibasi wangeipenda. Mwaka 1843 aliandika juu ya masikio. Alisema sauti nzito iliyochanganyika, sikio huichambua kuwa sauti nyepesi nyingi, kila moja na kasi yake ya kutetemeka. Alipingwa hapo pia, akaacha mjadala, na baadaye Hermann von Helmholtz akaijenga hoja hiyo upya. Kugawa muziki kati ya spika kubwa ya besi na ile ndogo ya sauti kali kunaendana vizuri na hoja hiyo: sauti ikishagawanywa, sikio linaipokea bila kulalamika.

Ohm alifariki Munich tarehe 6 Julai 1854 akazikwa katika makaburi ya kale ya kusini mwa mji huo. Mwaka 1881 wataalamu wa umeme wa nchi mbalimbali walikutana Paris kukubaliana vipimo, maana kila nchi ilikuwa na chake na wauza nyaya walikuwa wakigombana. Wakachagua volti kwa jina la Volta, ampea kwa jina la Mfaransa André-Marie Ampère, na kizuizi cha umeme wakakipa jina la mtoto wa fundi makufuli wa Erlangen.

Kwa hiyo unapogeuza mita kwenye Ω kupima spika, ichomoe kwanza kwenye redio, maana ukipima ikiwa imeungwa utakuwa unasoma redio pia. Spika iliyoandikwa omu 4 itasoma 3.2 hadi 3.8 hivi. Haijaharibika, namba ya 4 ni ya sauti ikipita, na mita inapima waya wa ndani peke yake. Ikisoma sifuri, imepiga shoti. Isiposoma chochote, koili imekatika. Ukitaka uhakika zaidi, igusishe na betri moja ndogo ya tochi: spika nzima itatoa mlio mfupi na karatasi yake itasogea.